Mdomo wa Aimable

Watu wanadhani risasi ndiyo inayoua. Uongo mtupu! Yule mwalimu wa Kanama risasi ilimwangusha, sawa, lakini hakufa kwa risasi. Alikufa kwa mdomo. Askari aliyeletwa baada yake, mdomo. Yule mama muuza ndizi, mdomo vilevile. Wote watatu daktari aliwapasua, akawashona, akanawa mikono akasema huyu atapona, na siku ya sita au ya saba wakaanza kuchemka homa, kifua kikikoroma kama uji jikoni, basi, tukawafunika shuka. Mtu mwenye mrija kooni hamezi wala hatemi. Uchafu wa mdomoni unatuama, unaoza, unateremka kidogo kidogo kando ya mrija mpaka kwenye mapafu. Anakufa nawe umesimama hapohapo na aproni yako safi ukimtazama.

Mimi naitwa Kabatesi. Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi wakimbizi, uuguzi nikausomea hukohuko, nikaja Rwanda mwaka tisini na tano na sanduku moja na hasira zangu. Marehemu mama alikuwa akisema nilitoka tumboni nikigombana na mkunga. Kazi nilipata Gisenyi, kwenye hospitali ndogo ya masista, juu kidogo ya barabara iteremkayo Grande Barrière, mpakani na Goma. Na mwanzoni mwa mwaka tisini na nane, vita vya waasi wa msituni vilipopamba moto, nikajikuta mkuu wa chumba cha mahututi. Mkuu wa nini? Vitanda viwili, mashine moja ya kupumulia, mashine moja ya kufyonza makohozi ambayo ilifanya kazi umeme ulipopenda. Wauguzi wa Nyamyumba walikuwa hawathubutu tena kupita njiani. Nilibaki na mmoja tu, Onésphore, kijana wa hapo mjini, mchapakazi, mdomo wake haukosi neno.

Baada ya yule muuza ndizi niliapa. Nikasema anayefuata hafi kwa mdomo. Dawa ya kuoshea kinywa hatukuwa nayo, nikachemsha maji nikatia chumvi na magadi kidogo. Gozi, vile vitambaa vya kufungia vidonda, hatukuwa nazo, nikakata mashuka ya masista, nikayachemsha, nikayaanika. Onésphore akacheka.

"Dada Kabatesi, benzako banaombea roho ya mutu, we unaombea meno!"

"Na wewe ombea ulimi wako," nikamjibu, "maana nitaukata nikaushone kwenye shuka."

Aliyefuata alikuwa Aimable. Ilikuwa Jumapili. Alikuwa akirudi kutoka Mahoko na magunia ya vitunguu vya kuvusha Goma, gari lao likamiminiwa risasi njiani. Moja iliingia ubavuni ikavunja mbavu, ikachana pafu. Dokta Rutayisire alimpasua mchana kutwa, akamtoa akiwa na mrija mdomoni na mashine ikimpumulia.

"Akifika Ijumaa bila homa," dokta akaniambia, "mrija tunautoa, anapumua mwenyewe, anakwenda kwake. Akipata homa ya mapafu, Kabatesi, dawa ya kumtibu sina. Barabara ya Kigali imefungwa, na hata ikifunguliwa sijui kama watatuletea."

Siku tano. Nikasema siku tano tu, hata mimi na ubaya wangu naziweza.

Mkewe aliitwa Verediane. Mwembamba, mpole, ana sauti ya mtu anayeomba radhi hata akikusalimu. Kwetu mgonjwa halazwi bila ndugu wa kumuuguza; ndiye anayempikia, anayemfulia, anayemgeuza. Jumatatu asubuhi nilimkuta amekaa kando ya kitanda na chupa ya maziwa mapajani.

"Muganga," akasema, "naweza kumulowanisha mudomo na maziwa? Kidogo tu. Mutu hawezi kukaa siku mbili bila maziwa."

Nilipiga kelele hadi sista akaja kuchungulia. "Ukimtia tone la maziwa humo umemwua kwa mkono wako! Unasikia? Tone moja!" Chakula alikuwa akipata kupitia mpira wa puani, uji wa mtama mwepesi, tena kwa mkono wa muuguzi peke yake. Verediane akaificha chupa nyuma ya mgongo. Nikajua sheria ameielewa, lakini nikajua pia hamu haijamtoka.

Halafu nikamfundisha, maana sikuwa na mtu mwingine. Nawa mikono. Bonyeza kiputo hiki kidogo kinachoning'inia, kikiwa kigumu ujue kile cha ndani, kinachozunguka mrija kooni, kimeziba njia ya mapafu. Fyonza kwanza. Sokota gozi kidoleni, chovya, kamua mpaka isidondoshe. Meno ya nje, meno ya ndani, ufizi, shavu la kulia, la kushoto, kaakaa, ulimi. Fyonza tena. Paka midomo samli. Kila saa mbili, bila kukosa, jua liwake mvua inyeshe.

Na hapo ndipo nilipoona maajabu. Aimable hakuwa amelala fofofo. Dawa ya usingizi tulikuwa tukimpa ya kubania, kwa hiyo alisikia, macho aliyafumbua. Mimi nikikaribia na gozi, meno yake anayabana mrija, kwaa, mashine inapiga kengele, naye anakuwa wa buluu. Onésphore vilevile. Lakini Verediane akiinama akamwambia sikioni, "Aimable, ni mimi," yule mwanamume anaachia taya taratibu kama mtoto anayenyonya aliyeshiba. Sijui nini kilikuwa kwenye sauti ile. Nilimwonea wivu, nasema kweli. Miaka kumi na moja ya kazi, na hakuna mgonjwa aliyewahi kunifungulia mdomo namna hiyo.

Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita. Homa hakuna. Mdomo wake ulikuwa msafi kuliko wa Onésphore, nami nilimwambia Onésphore hivyo.

Jumatano saa tano asubuhi wakaleta majeruhi tisa kwa mpigo. Sitaki kusimulia hali yao. Miongoni mwao alikuwa mama mmoja, Xavérine, damu inamwishia, shinikizo la damu linashuka chini ya mikono yangu. Mtu wa namna hiyo anainuliwa miguu ili damu iliyobaki iende kichwani. Vitanda vyetu havikunji. Ukitaka kuinua upande mmoja unaweka mawe chini ya miguu ya kitanda, yale mawe meusi ya volkano yaliyojaa mji mzima. Mawe mawili mazuri, bapa, yenye kimo sawa, yalikuwa chini ya kitanda cha Aimable upande wa kichwani. Tuliyaweka ili alale ameinuka, ya tumboni yabaki tumboni, yasipande kooni.

Nikakimbilia mahututi. "Mama, inua hapa nami!" Verediane akakamata chuma cha kitanda, tukainua, nikayavuta mawe kwa mguu.

"Muganga, na bwana yangu?"

"Nayarudisha sasa hivi!"

Nikaondoka nayo kifuani, mbio. Xavérine alipona, kama mnataka kujua. Nilisimama pale kwenye damu mpaka saa tisa, bila maji, bila kukaa, umeme ukikatika na kurudi, na jambo la mawe likanitoka kichwani kabisa, kama halikuwahi kuingia.

Saa tisa nikarudi mahututi. Nikamkuta Verediane ameinama juu ya mumewe na gozi mkononi, na pembe za mdomo wa Aimable zimejaa kitu cheupe. Cheupe pe! Kinatiririka hadi shingoni. Uji wetu wa mtama ni mwekundu. Dawa nyeupe ya tumbo iliisha tangu Jumamosi, mimi mwenyewe niliitupa chupa yake. Nikaiona chupa ya maziwa chini ya kiti.

Jamani, hasira ilinipanda hadi nikaona giza.

"Umempa! Nilikuambia nini? Umempa!"

"Muganga, hapana. Mi sikumupatia maziwa, naapa. Ni ile mawe…"

"Usinijibu!"

"Muganga, ile mawe haikurudi…"

Sikusikia. Ninasema sikusikia, lakini masikio yangu yalikuwa mazima. Kuna kitu kingine, na nikikificha hapa sina haja ya kusimulia. Watu wa wodini walikuwa wakinong'ona kwamba kaka yake Verediane alikimbilia ng'ambo ya mpaka mwaka tisini na nne, na kwamba huenda yuko na hao wa msituni. Ulikuwa wakati wa kuogopana. Mtu anakuuzia nyanya, unaitazama mikono yake. Mimi niliyetoka Tanzania nilijiona niko juu ya mambo hayo, kumbe yalikuwa yamekaa tumboni mwangu yananisubiri. Nikamwambia neno ambalo mpaka leo likinijia nikiwa sokoni nasimama.

"Labda ulitaka afe. Labda ndicho walichokutuma."

Verediane alikuwa amekikunja kitenge chake akakiweka chini ya mabega ya mumewe kumwinua. Nikakichomoa nikamtupia usoni, nikamshika mkono, nikamvuta uwanjani mpaka langoni. Nikamwagiza Bizimana, mlinzi wetu, kwamba mama huyu haingii tena, akiingia yeye Bizimana hana kazi.

Alhamisi asubuhi nikachukua gozi zangu. "Aimable, fungua mdomo." Akabana meno. Nikajaribu kwa upole, kama upole ninao. Akabana. Nikajaribu kupenyeza kijiko cha mbao, akauma mrija mpaka mashine ikalia na Onésphore akaja mbio. Tulijaribu saa mbili, saa nne, saa sita. Kila mara tulipata kufuta midomo na meno ya mbele tu. Ndani kulikuwa kumeanza kunuka.

Na macho yake. Akimaliza kubana meno aliyageuza kuelekea mlangoni, akayaacha huko. Nikihama nikasimama upande ule, alinipita kwa macho, aone nyuma yangu. Nilijua anamtafuta nani. Ningeweza kutuma mtu langoni wakati ule; ni hatua sitini. Nikasema moyoni, hapana, mwanamke aliyetaka kumwua hatarudi humu, na mimi sijawahi kushindwa na taya la mtu. Kiburi, ndugu zangu! Kiburi si maungwana, na mimi nilikivaa kama sare.

Adhuhuri Bizimana akaja, kofia mkononi.

"Muganga, ule mama angali kwa mulango tangu jana. Anasema nikuambie juu ya mawe. Eti mawe, mawe. Mi sielewi."

"Mwambie akajipige nayo kichwani," nikasema.

Jioni Aimable alikuwa na homa ya thelathini na tisa.

Ijumaa, siku yetu ya kuutoa mrija, Dokta Rutayisire akaweka chombo chake kifuani kwa Aimable, akasikiliza kulia, akasikiliza kushoto, akarudi kulia akakaa hapo sana. Kisha akakining'iniza shingoni bila kunitazama.

"Pafu zima limejaa. Ameingiwa na kitu."

"Maziwa," nikasema. "Mkewe alimpa maziwa Jumatano."

Onésphore alikuwa akipima mkojo kwenye chupa. Akainua kichwa.

"Maziwa gani? Ile nyeupe ya Jumatano? Dada Kabatesi, ile ni dawa ya tumbo. Mi mwenyewe nilimupa saa sita kwa mupira wa pua. We ulikuwa na majeruhi."

"Dawa iliisha Jumamosi."

"Iliisha, ndiyo. Donc, basi, Verediane akatuma dada yake Goma, akatuletea chupa nzima. Si ile pale dirishani?"

Nikatazama dirishani. Chupa ya buluu, nusu. Nikaichukua, nikafungua, ikanukia mnanaa. Nikakumbuka sasa kwamba Jumatano kile kitu cheupe kilinukia mnanaa, na kwamba maziwa hayanukii mnanaa popote duniani. Halafu nikatazama chini. Miguu minne ya kitanda ilikuwa sakafuni, sawasawa. Mawe yangu mawili yalikuwa wodi ya pili, chini ya kitanda cha Xavérine, ambaye damu ilikwisha kukauka tangu Alhamisi na hakuwa na haja nayo.

Sikulia. Mtu angenisimulia kisa kama hiki ningemwambia hapo ulie, lakini machozi hayakuja. Nilimwambia Onésphore alete mawe, tuinue kitanda. Kisha nikatembea zile hatua sitini.

Verediane alikuwa amekaa chini nje ya lango, mgongo ukutani, termosi ya uji miguuni. Dada yake alikuwa akiupika na kumletea hapo kila asubuhi. Bizimana alikuwa akiupokea na kuuingiza bila kuniambia unatoka kwa nani, na sisi tukimlisha mumewe. Nikapiga magoti mbele yake pale mavumbini. Watu wa foleni ya zahanati wakageuka. Wageuke.

"Si maziwa," nikasema. "Ilikuwa dawa, ile uliyoileta wewe. Ikapanda kutoka tumboni kwa sababu mimi niliondoa mawe sikuyarudisha. Ni mimi. Si wewe, ni mimi. Na lile neno nililokuambia, Mungu anilaani kwalo. Ameingiwa na homa ya mapafu. Njoo, mama. Mdomo wake hanifungulii."

Nilitegemea anipige. Nilitaka anipige. Akasimama, akajipukuta vumbi, akachukua termosi.

"Tangu lini hajafungua?"

"Tangu ulipotoka."

Akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyejichoma sindano. Kisha akanipita akaingia.

Alinawa mikono. Akabonyeza kiputo. Akainama: "Aimable, ni mimi." Na taya likaachia. Harufu iliyotoka humo ilimfanya Onésphore ageuze uso. Ulimi ulikuwa mweusi wenye maganda, ufizi unatoka damu, na mashavu kwa ndani yamefanya utando mweupe, huu sasa wa ugonjwa. Verediane alisafisha kipande kwa kipande, nami namshikia bakuli, natupa gozi chafu, nampa nyingine. Ijumaa nzima, kila saa moja. Jumamosi nzima. Nilimgonga mgongoni kwa viganja kulegeza makohozi, nikamgeuza ubavu, nikafyonza makohozi ya kijani mpaka mikono ikafa ganzi. Nilikwenda mwenyewe mpaka kambi ya jeshi kuomba sindano kwa daktari wao; akanipa chupa tatu kwa huruma, na huruma yake ilikuwa yote aliyobaki nayo. Nilimwomba Mungu kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda, na kwa maneno ambayo masista hawakunifundisha. Nilimwambia nichukue mimi, sina mume, sina mtoto, nina ulimi mchafu tu, nichukue. Hakunichukua.

Mdomo ukasafika. Jumapili asubuhi ulikuwa mwekundu, mzuri, kama wa siku ile ya kwanza. Lakini yaliyokwisha kushuka yalikuwa yameshuka, na ya mapafuni hakuna gozi inayofika. Saa nne kasorobo moyo wake ukaanza kujikwaa. Verediane alikuwa amemshika kidevu. Saa nne na robo dokta akazima mashine, na chumba kikawa kimya hata nikasikia masista wakiimba kanisani.

Niliutoa mrija mimi. Verediane akaniomba gozi moja zaidi, nikampa, akamfuta midomo, akampaka samli, akaifunga kwa kidole chake. Alifanya yote kwa utaratibu niliomfundisha mimi.

Nikaanza tena kuomba msamaha. Nilikuwa nimeomba tangu Ijumaa, kila nilipompa bakuli. Akainua mkono ninyamaze.

"Muganga, nikuulize kitu kimoja. Usinidanganye."

"Uliza, mama."

"Zile siku mbili niko inje. Alikuwa anajua siko?"

Onésphore, aliyekuwa nyuma ya Verediane akikunja shuka, alinitikisia kichwa: sema hapana. Ilikuwa rahisi. Ningesema alikuwa usingizini, hakujua kitu, na angeamini, maana mimi ndiye mganga. Lakini nilikuwa nimekwisha kumwambia uongo mmoja mwanamke huyu, kwamba mawe nayarudisha sasa hivi, na uongo ule ulikuwa umelala pale kitandani.

"Alijua," nikasema. "Alikuwa akitazama mlango. Tangu asubuhi mpaka jioni, kila tukimaliza naye, alikuwa akitazama mlango."

Verediane alinitazama kwa macho makavu, bila hasira, na ningetoa chochote nilicho nacho ili yawe na hasira.

"Uliona," akasema. "Uliona, na haukunifungulia."

"Niliona," nikasema.